Jina la Kuvu ya Manjano: Kazi ya Link na Ghala la Mkulima wa Dodoma

Katika uwanda wa juu wa kati, yaani Dodoma na wilaya zinazouzunguka mji huo, mvua hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo hufuata miezi mingi ya ukavu, na uhai wa kaya hutegemea kile kilichowekwa ghalani au kilindoni. Mkulima wa huku huwajua vema maadui wa ghala: panya, fukusi na mchwa. Hao huonekana kwa macho, na hasara waifanyayo hupimika kwa debe. Lakini yuko adui mwingine asiyepunguza hata punje moja, ambaye madhara yake hudhihirika katika mwili wa mlaji.

Mwaka 2016 watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ghafla. Macho yao yaligeuka manjano, matumbo yakavimba, nao wakatapika. Watu 20 kati yao walifariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahindi waliyoyala yalikuwa na sumukuvu iitwayo aflatoksini, ambayo hutengenezwa hasa na kuvu yenye jina la kisayansi Aspergillus flavus. Jina hilo lilitolewa mwaka 1809, miaka 207 kabla ya msiba huo. Ni nani aliyelitoa? Alifuata njia gani? Na jina lina faida gani kwa mtu mwenye mahindi ghalani?

Kazi iliyotangulia

Kwa karne nyingi kuvu zilikuwa fumbo kwa wataalamu wa mimea. Hazina maua, majani wala mbegu. Mwaka 1729 Mtaliano Pier Antonio Micheli alitazama ukungu kwa hadubini, akaona vijiti vidogo vyenye kichwa cha mviringo kilichozungukwa na minyororo ya punje. Micheli alikuwa padre, na umbo hilo lilimkumbusha kile chombo kitumiwacho kanisani kunyunyizia maji ya baraka. Ndipo akauita ukungu huo Aspergillus, kutokana na jina la Kilatini la chombo hicho. Punje alizoziona leo twaziita spora, na kazi yake ni kueneza kuvu.

Mwaka 1753 Carolus Linnaeus wa Sweden alieneza utaratibu wa kuipa kila spishi ya mmea jina lenye maneno mawili: la kwanza la jenasi, la pili la spishi. Hata hivyo, katika upande wa kuvu kazi yake haikwenda mbali. Aliyeziba pengo hilo ni Christian Hendrik Persoon, mzaliwa wa Afrika, kwani alizaliwa katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1761 kabla ya kupelekwa Ulaya kusoma. Kitabu chake cha mwaka 1801 kiliziweka kuvu katika makundi yenye mpango, nacho kikawa msingi wa wengi waliomfuata.

Makala ya mwaka 1809

Mmoja wa waliofuata ni Johann Heinrich Friedrich Link, Mjerumani aliyezaliwa Hildesheim mwaka 1767. Alisomea udaktari Göttingen, akawa profesa katika mji wa Rostock, na baadaye, kuanzia mwaka 1815, aliongoza bustani ya mimea ya Berlin hadi kufa kwake mwaka 1851. Mwaka 1809, angali Rostock, alichapisha huko Berlin makala juu ya kuvu ndogo. Kila aina aliipa jina na maelezo mafupi ya Kilatini kuhusu umbo, rangi na mpangilio wa spora zake.

Katika makala hiyo moja yamo majina matatu ambayo yafaa kila mwanafunzi ayajue. La kwanza ni Aspergillus flavus. Flavus maana yake ni manjano, rangi ya ukungu huo uwapo mchanga, kabla haujageuka kijani. La pili ni Penicillium, kutokana na neno la Kilatini la brashi ndogo, kwa kuwa vijiti vyake huchanua kama nywele za brashi. La tatu ni Fusarium, kwa sababu spora zake zimechongoka kama kijiti cha kusokotea uzi. Kutoka jenasi ya pili ilikuja penisilini, dawa ambayo Alexander Fleming aligundua nguvu yake huko London mwaka 1928. Kutoka ya tatu hutoka fumonisini, sumukuvu nyingine iharibuyo mahindi. Dawa moja na sumu mbili zilikuwa zimekaa katika kurasa za makala moja, na mwandishi wake hakujua habari ya hata moja kati yake.

Hili si kosa la Link. Yeye aliainisha kwa kile ambacho jicho na hadubini ya siku zile viliweza kuonyesha. Wakati wake kuvu zilihesabiwa kuwa mimea. Siku hizi, hasa tangu pendekezo la Robert Whittaker la mwaka 1969, zina himaya yake zenyewe, mbali na mimea na wanyama.

Jina lakutana na sumu

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kilionekana kuwa chakula chao, kilichochanganywa na mashudu ya karanga kutoka Brazil. Mwaka uliofuata karanga kutoka Uganda zilizokuwa na sumu kali zilichunguzwa, na ndani yake ikapatikana kuvu. Wachunguzi walipoilinganisha na maelezo yaliyokuwapo, waliitambua: ilikuwa Aspergillus flavus ya Link. Papo hapo kila kilichokwisha kuandikwa juu ya kuvu hiyo kwa muda wa miaka 150, yaani mahali ipendapo kuota na joto liifaalo, kikawa mikononi mwao. Hiyo ndiyo faida ya jina: ni kama kigingi ambacho watu wa nchi na nyakati mbalimbali hufunga maarifa yao.

Hata sumu yenyewe ilirithi jina hilo. Chukua herufi A ya Aspergillus, uongeze fla ya flavus, kisha umalizie na neno lenye maana ya sumu, utapata aflatoksini.

Lakini jina halisemi yote. Ndani ya spishi hiyo moja zimo koo zinazotengeneza sumu na koo zisizotengeneza, na kwa macho hazitofautiani. Ukweli huu umegeuzwa kuwa silaha. Koo zisizo na sumu hupandwa juu ya punje za mtama, kisha hutawanywa shambani kabla mahindi hayajachanua, ili zitangulie kuchukua nafasi ya zile zenye sumu. Dawa ya namna hiyo imekwisha kusajiliwa nchini Tanzania.

Kwa nini uwanda wa kati?

Kuvu hii hukaa udongoni na hupenda joto. Mahindi au karanga zinapopatwa na kiu kali wakati wa kukomaa, kinga yake hudhoofika, na maganda yaliyopasuka huwa mlango wazi. Hali hiyo ni ya kawaida katika nchi ya mvua chache. Baada ya mavuno, unyevu ndani ya gunia huiongezea kuvu nguvu. Mtama na uwele, mazao ya asili ya Ugogo, kwa kawaida hushambuliwa kidogo kuliko mahindi na karanga.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote katika kilo moja ya mahindi. Hiyo ni sawa na gramu 10 katika tani 1,000. Kupika hakuiondoi sumu hii, kwani hustahimili moto wa jikoni. Anayekula nyingi huugua ini upesi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka yumo katika hatari ya saratani ya ini. Wala kumpa ng'ombe punje mbovu si suluhisho, kwa maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Kwa hiyo hapana budi kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai au kichanja badala ya udongo mtupu, kuchambua punje zilizovunjika au kuota ukungu na kuzitupa, na kuhifadhi mahindi yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Mazoezi mawili ya darasani

La kwanza ni la uainishaji. Weka kipande cha mkate uliolowanishwa kidogo katika chupa ya kioo, uifunge kwa kifuniko na kuzungushia utepe. Kila siku wanafunzi wachore kinachoota na kuandika rangi zake. Chupa isifunguliwe kamwe. Mwisho ifukiwe shimoni. Kisha waulizwe: je, kwa rangi pekee twaweza kusema ipi ina sumu?

La pili ni la kinga. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa kavu, utie chumvi kavu kiasi cha vijiko viwili, utikise kwa dakika chache na kuiacha itulie. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, unyevu wa mahindi umezidi asilimia 15, nayo hayafai kuwekwa ghalani. Isipoganda, yaanikwe kidogo tena kwa usalama.

Link aliandika kwa Kilatini kwa ajili ya wataalamu wachache wa Ulaya. Leo jina alilolitoa ni mali ya mwanafunzi wa Kongwa, Chemba na Kondoa, na wengi wao hulala chumba kilicho karibu na ghala. Mwanafunzi aliyelielewa jina hilo anaweza kumweleza mzazi wake kwa nini punje chache za rangi ya manjano au kijani zisirudishwe guniani.