Unyevu unavyoharibu vioo kabla havijavuka Mpondwe

KASESE – Mfanyabiashara anayepeleka vioo vya madirisha Beni au Butembo kupitia mpaka wa Mpondwe huogopa zaidi kuvunjika. Lakini ipo hasara nyingine isiyopiga kelele. Kreti hufunguliwa upande wa Kasindi, kila kioo ni kizima, ila kimeingia ukungu mweupe au rangi za upinde wa mvua zisizotoka kwa sabuni. Mteja hukataa mzigo, na mvutano huanza kati ya mwenye mali na mwenye lori.

Chanzo ni maji. Wengi huamini kwamba maji hayadhuru kioo, kwa kuwa dirisha hunyeshewa miaka mingi na halibadiliki. Ni kweli, lakini mvua ya dirishani hutiririka na kukauka. Maji yaliyonaswa kati ya vioo viwili vilivyobanana hayana pa kutokea.

Magadi hutoka kwenye kioo

Kioo cha kawaida hutengenezwa kwa mchanga, mawe ya chokaa na magadi. Sodiamu inayotokana na magadi, ikihesabiwa kama oksidi, ni takriban asilimia 13 hadi 14 ya uzito wake. Maji yakikaa juu ya kioo huichomoa sodiamu hiyo kutoka tabaka la juu, na haidrojeni hushika nafasi yake. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele mara nyingi sana, lakini hurudisha mwanga kwa namna tofauti. Ndiyo maana zinaonekana rangi kama za mafuta yaliyomwagika juu ya maji.

Sodiamu iliyotoka huyafanya maji hayo machache yawe makali, kama maji ya magadi. Ukali ukizidi, huanza kula ule mchanga ulioshikilia kioo chote. Hapo hutokea ukungu na vishimo vidogo. Rangi za mwanzo mara nyingine huondoka kwa kung'arishwa upya, vishimo haviondoki.

Viwanda vya lenzi vinalijua tatizo hili vizuri, kwa sababu lenzi hung'arishwa kwa maji na unga laini. Ikiachwa na majimaji, huota madoa, hivyo huoshwa na kukaushwa mapema. Katika miaka ya 1890, Mwingereza Dennis Taylor aligundua kwamba lenzi kuukuu zenye tabaka la namna hiyo zilipitisha mwanga zaidi kuliko mpya. Kwenye lenzi ilikuwa faida. Kwenye kioo cha dirisha ni hasara tupu.

Umande wa safarini

Si lazima mvua inyeshe. Lori likilala Fort Portal, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, vioo hupoa. Asubuhi likiteremka bonde la Kasese lenye joto na unyevunyevu, umande hutanda juu ya vioo baridi na kuingia katikati yake. Turubai lililofungwa kila upande huzuia mvua, lakini pia huuzuia umande kukauka.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, nunua vioo vilivyowekewa karatasi au unga maalumu katikati. Unga huo huacha nafasi kati ya vioo, na aina nyingi zina asidi kidogo ya kupunguza ukali wa magadi.

Pili, visimamishe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta wa ghala, penye hewa. Usivihifadhi pamoja na saruji, chokaa au mizigo mibichi.

Tatu, lori likifika kutoka kwenye baridi, acha kreti zipate joto la mahali kwanza ndipo zifunguliwe.

Nne, vikilowa, vitenganishe na kuvikausha kimoja kimoja siku hiyo hiyo. Usisubiri foleni ya forodha iishe.

Mwisho, kagueni kreti pamoja wakati wa kupakia Kasese na wakati wa kushusha, na muandike hali yake kwenye hati ya mzigo. Madoa hayaoneshi tarehe yaliyoanza. Bila maandishi hayo, mwenye lori anaweza kulipia unyevu ulioingia ghalani, au mwenye mali akabeba hasara iliyotokea njiani.