SHA pekee, au uongeze bima ya kibinafsi? Angalia haya kabla hujalipa

Kila mwisho wa mwezi Mkenya aliyeajiriwa anaona makato ya SHIF kwenye stakabadhi yake ya mshahara. Asilimia 2.75 imeenda. Basi anajiambia, mambo ya bima yameisha. Halafu mama yake anaugua kule nyumbani, anapelekwa hospitali ya kaunti, na pale dirishani wanaambiwa mama hayumo kwenye bima ya mtoto wake.

Tumebishana sana kuhusu kiasi kinachokatwa. Swali linalouma zaidi ni hili: hiyo pesa inamlinda nani, na hadi lini?

Kidogo kuhusu makato

SHA ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Chini ya NHIF, makato yalianzia Sh150 na kuishia Sh1,700, hata kama unalipwa nusu milioni. SHA haina kikomo cha juu. Anayelipwa Sh20,000 alikuwa akikatwa Sh750, sasa ni Sh550. Wa Sh100,000 ametoka Sh1,700 hadi Sh2,750. Kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi.

Tangu mwisho wa Desemba 2024, pesa hizo huondolewa kwanza ndipo kodi ya PAYE ikokotolewe, kwa hivyo maumivu halisi ni madogo kiasi kuliko yanavyoonekana.

Kujisajili si kulipa

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Ukishajisajili SHA, unatibiwa bure kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hata kama hujalipa chochote. Hiyo inagharamiwa na hazina ya afya ya msingi.

Lakini ukiandikiwa barua uende hospitali ya ngazi ya 4 kwenda juu, ukalazwe au ufanyiwe upasuaji, hapo wanaangalia kama umelipa. Kama hujalipa, bili ni yako. Kwa hivyo mtu akikuambia "mimi niko SHA", muulize: umejisajili, au umelipa?

Familia ni nani?

Kwa SHA, familia yako ni wewe, mke au mume, na watoto walio chini ya miaka 21 wasio na mapato yao. Kama mtoto bado anasoma kwa muda wote, anaendelea hadi miaka 25. Mtoto mwenye ulemavu anayekutegemea hana ukomo wa umri.

Baba na mama hawamo. Wao ni kaya nyingine, wanajisajili wenyewe na wanalipa wenyewe. Habari njema ni kwamba unaweza kuwalipia kutoka kwa simu yako. Kama mko ndugu wanne, mchango wa mwaka mzima wa wazazi mara nyingi ni mdogo kuliko ule mtakaochanga kwenye kundi la WhatsApp mzee akishalazwa. Fanyeni hesabu hiyo mapema, mkiwa bado na utulivu.

Na mume na mke wakiwa wote wameajiriwa? Wote wanakatwa. Hakuna kusema "mwenzangu ameshalipa".

Mama mboga, bodaboda, fundi wa jua kali

Usipokuwa na mshahara, SHA inakuuliza maswali kuhusu maisha yako: nyumba yako ina paa gani, ukuta gani, choo gani, maji unayatoa wapi. Majibu ndiyo yanakadiria mapato ya kaya, na kiwango chako kinatoka hapo. Hakiwezi kuwa chini ya Sh3,600 kwa mwaka.

Tatizo ni hilo neno "mwaka". Enzi za NHIF ulilipa Sh500 kila mwezi. Sasa unatakiwa kulipa miezi 12 kwa mkupuo, mapema. Aliyeajiriwa anakatwa kidogo kidogo, lakini muuza sukuma wiki ndiye anaambiwa alete pesa ya mwaka mzima. Kwa maoni yangu hapa mpango uliteleza. Mnamo 2025 serikali ilileta Lipa SHA Pole Pole, ambapo unakopeshwa ada ya mwaka halafu unalipa kwa awamu. Inasaidia, ila ni mkopo, na mkopo una masharti yake. Yasome kwanza.

Ukipoteza kazi

Siku mwajiri akiacha kukulipa, makato yanaisha pia, na hakuna anayekupigia simu kukuambia. Kadi ya bima ya kampuni nayo inafungwa. Sasa wewe ni kama mama mboga: ujibu maswali ya mapato, ulipe ya mwaka. Jambo hilo lifanye wiki ileile ya kuacha kazi, wakati bado una ile pesa ya mwisho mkononi.

Hata kabla ya hapo, kuna jambo la kufuatilia. Mwajiri anafaa kuwasilisha makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Anaweza kukukata na asiwasilishe, nawe ukajua hivyo ukiwa kitandani. Waajiri wadogo, mjue pia kwamba bima ya kampuni binafsi ni nyongeza tu, haiwaondolei jukumu la SHA. Bima ya ajali kazini, ile ya WIBA, ni jambo jingine kabisa.

Je, bima ya kibinafsi?

Kama mfuko unaruhusu, ina faida zake: hospitali nyingi zaidi za binafsi, vikomo vikubwa, na matibabu ya nje bila foleni. Lakini ajenti akishamaliza kukusifia bidhaa yake, muulize haya. Ugonjwa nilionao tayari, kama sukari au presha, utaanza kulipiwa lini? Na uzazi je? Mara nyingi kuna kipindi cha kusubiri cha miezi mingi, kwa hivyo ukinunua bima ukiwa tayari mjamzito usitarajie makubwa. Kikomo ni cha kila mtu, au familia nzima inagawana? Hospitali iliyo karibu nasi imo kwenye orodha?

Kuna kitu ajenti wengi hawakitaji. Ukilipia bima ya afya ya kibinafsi, KRA inakupunguzia kodi kwa asilimia 15 ya ulicholipa, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka. Ukilipa Sh60,000, ni Sh9,000 zinarudi kwako. Omba cheti cha bima ukidai.

Unakaribia kustaafu?

Kundi hili ndilo huumia zaidi, kwa sababu bima ya kazi inaisha wakati mwili unaanza kuidai. Kampuni nyingi za bima hazipokei mteja mpya aliyevuka miaka ya sitini na kitu, au zinampokea kwa bei kali. Aliyeingia akiwa na miaka 50 mara nyingi huruhusiwa kuendelea. Kama unataka bima ya kibinafsi uzeeni, anza kuulizia ukiwa bado kazini, na umuulize afisa wa wafanyakazi kama kuna njia ya kubaki kwenye ile ya kampuni kwa kujilipia.

Kwa upande wa SHA, mstaafu asiye na mshahara analipa kwa mwaka kama wengine wa kujitegemea. Tenga ada hiyo pale tu malipo ya uzeeni yanapoingia, kabla watu hawajajua yameingia.

Ukitaka kuangalia hali yako leo, piga *147# au ingia Afya Yangu. Tazama mambo mawili: kama malipo yako yanaonekana, na kama majina ya mke, mume na watoto yote yamo. Mtoto aliyezaliwa juzi haingii mwenyewe.