Wanyama Wenye Mfuko: Jina Moja, Koo Mbili

Juma lililopita tuliona jinsi wataalamu wanavyowagawanya wanyama wanyonyeshao. Leo tuwatazame wale waleao watoto mfukoni. Hapa kwetu Afrika hawapo porini, lakini wana fundisho kubwa kwetu: mnyama hapangwi kwa jina wala kwa sura.

Kwanza, undugu wao ni nini? Ni namna ya kuzaliwa. Oposamu wa Amerika ya Kaskazini, mnyama mkubwa kama paka, hubeba mimba siku 13 hivi tu. Mtoto huzaliwa mdogo kama nyuki, hana macho wala manyoya. Hujivuta kwa mikono mpaka mfukoni mwa mama, akashika chuchu, na hapo ndipo anapokua. Chuchu kwa kawaida ni 13. Mtoto akosaye hufa.

Wanyama wa namna hii wana koo kuu 7. Tatu ziko Amerika, nne ziko Australia na New Guinea.

Sasa sikilizeni majina yalivyopoteza watu. Jina la oposamu Waingereza walilipata kwa wenyeji wa Virginia. Mwaka 1770, watu wa Kapteni James Cook walipofika Australia, waliona mnyama wa kufanana naye, wakampa jina lile lile. Lakini tazameni vinywani. Yule wa Amerika ana meno 50, na ya mbele ni mengi na madogo. Huyu wa Australia ana meno mawili makubwa mbele ya taya la chini, tena vidole viwili vya mguu wake wa nyuma vimeungana kwa ngozi. Basi jamaa zake ni kangaruu na koala.

Na sura nayo hudanganya. Oposamu wa Virginia huenea toka Costa Rica mpaka kusini mwa Kanada. Wa kaskazini ni mkubwa, mweupe-mweupe, mwenye mkia mfupi. Wa kusini ni mdogo, mweusi zaidi, mwenye mkia mrefu. Utadhani ni namna mbili, kumbe ni moja. Sababu ni baridi: mwili mkubwa hutunza joto, na mkia mrefu usio na manyoya hulipoteza. Hata hivyo, huko Kanada ncha za masikio na mkia hufa kwa baridi, zikakatika.

Mwisho, yuko mnyama mdogo kama panya katika misitu ya Chile na Argentina. Kwa Kihispania huitwa monito del monte, yaani kijitumbili cha mlimani, na wala si tumbili. Mwaka 1982 mtaalamu Frederick Szalay alionyesha kwamba mifupa ya kifundo cha mguu wake yafanana na ya wanyama wa Australia. Si ajabu, kwani zamani Amerika ya Kusini, Antaktika na Australia zilikuwa nchi moja.

Ukoo wake mkuu umebaki na jamii ya monito tu, na misitu yake inakatwa. Akitoweka, hatumpotezi mnyama mmoja tu. Mlango mzima wafungwa. Ndiyo maana yafaa kujua nani ni nani.

Swali la kujadili kikundini: wanyama gani wa wilaya yenu hufanana kwa sura, na si jamaa? Kwaherini mpaka juma lijalo.