Bukavu: Waya umeingia, taa inawaka, lakini intaneti haifunguki

BUKAVU – Mvua ilikuwa imetoka kukatika, yapata saa mbili za usiku, nyumbani kwetu katika kata ya Panzi, mtaa wa Ibanda. Mpwa wangu alikaa mbele ya kompyuta bila kusema neno. Kesho yake, saa nne za asubuhi, alipaswa kufanya jaribio la kazi kwa njia ya intaneti: muda wa saa mbili, hakuna kurudia, na tovuti yenyewe haikubali simu. Kwa ajili ya siku hiyo tulikuwa tumenunua kompyuta ya mezani iliyokwisha kutumiwa, kwa dola 120, kutoka ofisi moja iliyokuwa inafunga milango. Waya wa intaneti ulikuwa umeingia nyuma ya mashini, lakini hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka.

Tulimwita fundi mmoja wa kata. Aliangalia kwa dakika chache, akatikisa kichwa.

“Papa, radi imeunguza karte rezo. Lazima tubadilishe karte-mere nzima. Ni dola 80.”

Nilimwambia arudi asubuhi. Kwetu sisi, dola 80 ni minervali ya mtoto mmoja kwa muhula mzima. Usiku ule hatukununua kitu. Tulifuata njia ya intaneti hatua kwa hatua, kutoka juu ya paa hadi ndani ya kompyuta. Kabla ya saa tano tulikuwa tumepata ugonjwa, na haukuwa radi. Ninaeleza hapa namna tulivyofanya, kwani shida hii iko katika nyumba nyingi za mji wetu, na wengi wanalipa kitu kizima kabla ya kujua ni kipi kilichokufa.

Njia inayopitiwa na intaneti

Katika nyumba nyingi za Bukavu, intaneti ya nyumbani inafika kwa antena iliyofungwa juu ya paa, ikitazama mlingoti ulio kilimani. Kutoka kwenye antena unashuka waya hadi kwenye kisanduku kidogo kinachoipelekea antena umeme. Toka hapo waya mwingine unaingia ndani ya ruta. Ruta ndiyo inayogawa: simu zinapata kwa WiFi, na kompyuta ya mezani isiyokuwa na WiFi inapata kwa waya.

Kwa hiyo viko vitu vitano: antena, kisanduku cha umeme, ruta, waya na kompyuta. Kimoja kikianguka, mwisho wa njia hakuna kitu. Kazi ya kwanza ni kujua kipi. Na sheria ni moja: badilisha jambo moja tu kwa mara moja, kisha jaribu. Ukigusa matatu kwa pamoja, hata kama intaneti itarudi hutajua ni nini kilichoiponya.

Anza na simu

Chukua simu, zima mega zako, acha WiFi ya nyumba peke yake. Fungua ukurasa ambao hujaufungua siku hiyo.

Ikiwa simu pia haipati, acha kompyuta kwanza. Uliza kama abonema imekwisha. Tazama kama kisanduku cha antena kina taa. Chomoa kisanduku na ruta kutoka kwenye umeme, hesabu nusu dakika, rudisha kisanduku, ngoja dakika mbili, ndipo urudishe ruta. Baada ya hapo, mpigie simu aliyekuuzia abonema.

Kisanduku hicho kina jambo moja la hatari. Kina matundu mawili yanayofanana: moja limeandikwa POE, lingine LAN. POE ni la waya unaopanda kwenye antena, kwa sababu waya huo unabeba umeme pia. LAN ni la waya unaokwenda kwenye ruta. Mtu akifagia nyumba, akachomoa nyaya, kisha akazirudisha kinyume, antena inazimika, na umeme unaweza kuingia ndani ya ruta au kompyuta na kuunguza tundu lake. Weka alama ya rangi kwenye kila kichwa cha waya. Kipande cha utepe kinatosha.

Kwetu, simu ya mama wa nyumba ilifungua bila shida. Maana yake antena, abonema na ruta vyote vilikuwa vizima. Ugonjwa ulikuwa kati ya ruta na kompyuta.

Taa ndogo nyuma ya mashini

Karibu kila tundu la intaneti nyuma ya kompyuta lina taa moja au mbili. Zikizimika kabisa wakati kompyuta inawaka, basi mashini haisikii kitu: kichwa hakikuingia hadi mwisho, waya umekatika, tundu la ruta limekufa, au tundu la kompyuta lenyewe. Sukuma kichwa hadi usikie mlio mdogo wa ulimi wa plastiki. Kisha hamisha upande wa pili wa waya kwenye tundu lingine la ruta, katika yale yaliyoandikwa LAN. Usiweke kwenye lile la WAN. Hilo ni mlango wa antena.

Taa zetu zilikuwa zinawaka na kupepesa. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na mashaka na maneno ya fundi. Tundu lililounguzwa na radi mara nyingi halitoi taa tena. Taa ikipepesa, vitu viwili vinasikilizana, hata kama bado havijaelewana.

Waya na vichwa vyake

Hata hivyo tulijaribu waya mwingine, tuliouazima kwa jirani, ambao tulijua unafanya kazi. Hicho ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote. Waya ukiwa mbovu, mara nyingi umebanwa na mlango, umetafunwa na panya, au ulimi wa plastiki umevunjika na kichwa kinalegea kila ukigusa meza.

Ndani ya waya mna nyaya ndogo nane, zilizosokotwa mbili mbili. Katika mpangilio unaotumika sana, rangi zinakwenda hivi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifuate mpangilio mmoja. Kwa mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde, nne tu zinatumika. Kwa mwendo wa gigabiti moja, zote nane. Ndiyo sababu waya unaweza kuumwa nusu: unafanya kazi, lakini polepole. Tena waya mmoja usizidi mita 100. Anayevuta intaneti kutoka kwa jirani kupitia malupango matatu akumbuke hesabu hiyo.

Kwetu, waya wa jirani haukubadilisha kitu. Wa kwetu ulikuwa mzima.

Anwani ya ofisi ya zamani

Zilibaki hesabu za ndani ya kompyuta. Kila mashini kwenye mtandao wa nyumba inapewa anwani na ruta, kama nyumba inavyopewa namba ya avenue. Ili kuiona, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Entrée. Katika dirisha jeusi andika ipconfig. Tafuta sehemu ya Ethernet.

Ukikuta “Média déconnecté”, rudi kwenye waya. Ukikuta anwani inayoanza na 169.254, kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe: zima na uwashe ruta, kisha jaribu tena. Ukikuta sehemu ya Ethernet haipo kabisa, huenda karte imefungwa ndani ya Windows, au inakosa programu yake ya kuiendesha, jambo linalotokea sana baada ya fundi kuweka Windows upya.

Yetu ilionyesha 192.168.10.25, na “Passerelle par défaut” 192.168.10.1. Mpwa wangu alishika simu, akafungua maelezo ya WiFi, akasoma anwani ya ruta yetu: 192.168.1.1. Tulitazamana. Kompyuta ilikuwa bado inaishi katika ile ofisi iliyotuuzia. Mtu wa huko alikuwa ameiandikia anwani kwa mkono, na tangu iingie kwetu ilikuwa inabisha mlango wa nyumba isiyokuwepo.

Kurekebisha kulichukua dakika moja. Bonyeza Windows na R, andika ncpa.cpl, bonyeza Entrée. Kwenye Ethernet bonyeza kitufe cha kulia cha panya, chagua “Propriétés”, kisha mstari wa Protocole Internet version 4, tena “Propriétés”. Chagua “Obtenir une adresse IP automatiquement”, na chini yake uchague pia DNS ipatikane yenyewe. Maliza kwa OK. Kabla ya kufuta namba za zamani, ziandike kwenye karatasi. Katika ofisi nyingine zinahitajika.

Saa iliyorudi nyuma

Sasa tulikuwa na anwani nzuri. Katika dirisha jeusi tuliandika ping 192.168.1.1: ruta ilijibu. Kisha ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google: nayo ilijibu. Intaneti ilikuwa imefika. Kama hiyo ya pili ingejibu na kurasa zikakataa kufunguka kwa majina yake, tungetazama DNS, kile kitabu kinachogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Lakini kila tovuti ilileta maneno mengine: “Votre connexion n'est pas privée”. Mpwa wangu ndiye aliyeona. Pembeni chini ya kioo, kompyuta iliandika mwaka 2015. Betri ndogo ya mviringo ndani ya mashini, ile ya volti 3 iitwayo CR2032, ilikuwa imekufa, na kila umeme unapokatika saa inarudi nyuma. Tovuti za leo zina vyeti vyenye tarehe. Kompyuta iliyobaki mwaka 2015 inaviona kama vyeti vya uongo. Tuliweka tarehe na saa ya Bukavu, inayotangulia ya Kinshasa kwa saa moja. Kurasa zikafunguka.

Radi nayo si hadithi

Fundi hakusema upuuzi mtupu. Radi ni jambo la kweli hapa kwetu. Mwaka 2016 watafiti walitoa orodha ya mahali panapopigwa na radi zaidi duniani, kutokana na hesabu ya chombo cha NASA kilichotazama kutoka angani kati ya 1998 na 2013. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo, Venezuela, kwa mimweko karibu 233 kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Ya pili ni Kabare, hapa hapa pembeni ya Bukavu, kwa mimweko 205. Kampene ya Maniema inafuata kwa 177, na Sake ya Kivu Kaskazini iko kwenye orodha hiyo kwa 143.

Watu wengi mvua ikianza wanachomoa waya wa umeme na kudhani wamemaliza. Waya wa intaneti unatoka juu ya paa, kwenye chuma cha antena. Radi ikianguka karibu, inaweza kushuka kwa waya huo, ikapitia ruta na kufika kwenye kompyuta iliyozimwa. Chomoa vyote viwili kabla mvua haijakaribia. Ukisikia ngurumo tayari ziko juu ya nyumba, usiguse waya.

Na hata tundu likiungua kweli, si lazima kubadilisha karte-mere. Kuna karte ndogo zinazoingia kwa USB na kuleta tundu jipya, kwa bei iliyo chini sana. Kama muda unabana, unganisha simu kwa kompyuta kwa waya wa USB na ugawe mega zako, katika sehemu ya “Partage de connexion”. Sisi tulikuwa tumeweka mega pembeni kwa ajili hiyo, kama mambo yangeharibika asubuhi.

Hatukuzihitaji. Saa nne mpwa wangu aliketi, akafunga mlango, na saa sita akatoka amemaliza maswali yote. Jibu la kazi bado analingoja.

Fundi alirudi mapema, kabla ya jaribio kuanza, na mfuko wake wa vifaa. Nilimwonyesha zile namba mbili kwenye karatasi. Alizisoma mara mbili, akasema, “Papa, sikuangalia anwani.” Nilimpa pesa ya betri mpya na ya kazi ya kuiweka, na akatukazia kichwa kimoja cha waya kilichokuwa kinalegea. Karatasi ile tumeibandika ukutani juu ya ruta: anwani yake, rangi nane kwa mpangilio wake, na namba ya simu ya fundi.