Kabla Hujalipia Giaboksi, Uliza Difu Yake Ni Gani

Giaboksi ikifa, haraka huwa nyingi. Gari imelala gereji, kazi imesimama, na fundi anapiga simu kusema amepata nyingine, "kama hiyo yako tu", ila lazima ilipwe leo kabla mtu mwingine hajaibeba. Unafungua simu, unaandika nambari ya Till, imebaki tu kuweka PIN.

Hapo ndipo tunakuomba usimame kidogo. Kutuma pesa ni kazi ya sekunde chache, lakini giaboksi isiyofaa inaweza kukula pesa miezi mingi. Kwa spea za mitumba kutoka Japani, kama zile zinazouzwa Kirinyaga Road na Grogan hapa Nairobi, jina la gari na ukubwa wa injini havitoshi. Kuna swali moja ambalo wanunuzi wengi hulisahau: giaboksi hii inaenda na difu gani?

Difu inahusiana vipi na giaboksi?

Difu ni mkusanyiko wa gia unaogawa nguvu kwa magurudumu mawili, ili lile la nje liweze kuzunguka zaidi gari ikikata kona. Pia inapunguza mizunguko inayotoka kwa giaboksi kabla ifike kwa gurudumu. Kiwango hicho cha kupunguza mafundi wanakiita resho. Gia kubwa ya difu ikiwa na meno 37 na ndogo 9, resho ni 4.111: propela inazunguka mara 4 na kidogo ili gurudumu lizunguke mara 1. Ikiwa ni meno 40 kwa 9, resho ni 4.444.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Ubaya wake unategemea gari yako ni ya aina gani.

Gari tatu, hatari tatu

*Inayovutwa na magurudumu ya mbele*, kama Vitz na Fielder nyingi. Hapa difu iko ndani ya giaboksi yenyewe, kwa hivyo ukinunua moja umenunua zote mbili. Resho ikiwa tofauti, gari itatembea, lakini injini itazunguka sana kwa barabara kuu, au itakuwa nzito kwa mlima. Chunga pia Probox: NCP51 inavutwa mbele pekee, lakini NCP55 ni ya magurudumu manne na giaboksi yake ina mahali pa kutolea propela. Usikubali kuambiwa "Probox ni Probox".

*Inayosukumwa na magurudumu ya nyuma*, kama pikapu nyingi. Difu iko peke yake kule nyuma, kwa hivyo kubadilisha giaboksi hakugusi resho. Hapa una afueni.

*Ya magurudumu manne wakati wote*, kama Subaru Forester na Impreza nyingi. Hii ndiyo yenye moto. Difu ya mbele iko ndani ya giaboksi, ya nyuma iko chini ya buti, na propela inaziunganisha. Lazima resho zifanane. Ukifunga giaboksi ya 4.444 kwa gari yenye difu ya nyuma ya 4.111, mbele na nyuma zinavutana kila mita unayoendesha. Kwa ile otomatiki ya gia nne, klachi inayogawa nguvu mbele na nyuma itateleza bila kupumzika, itapata joto na mwishowe kuungua. Utaanza kusikia gari ikishika kama imewekwa breki unapokata kona kali polepole. Kwa hivyo giaboksi uliyoilipia juzi inakufa tena, na si kwa sababu ilikuwa mbovu.

Jinsi ya kujua difu yako

1. Soma kibati. Kwa Toyota za Japani, fungua boneti utafute kibati chenye maandishi TRANS/AXLE. Kodi ya kwanza ni ya giaboksi, inayofuata ni ya difu. Kwa Subaru pia kuna kibati ndani ya boneti chenye kodi ya giaboksi. Piga picha, pamoja na nambari ya chesi.

2. Linganisha na giaboksi unayouziwa. Kodi huwa imechapwa juu ya chuma chake. Omba muuzaji akutumie picha yake. Herufi za mwisho zisipofanana, uliza maana yake kabla ya bei.

3. Hesabu mizunguko. Kibati kikiwa kimepotea, au gari ishawahi kubadilishwa vitu, mwambie fundi ainue magurudumu yote mawili ya nyuma, ayaweke juu ya stendi imara, na gia iwe fri. Aweke alama ya chaki kwa propela, kisha magurudumu yote mawili yazungushwe pamoja mara 10. Propela ikizunguka mara 41, hiyo ni 4.111. Ikikaribia 44 na nusu, ni 4.444.

4. Zungusha gurudumu moja. Lile lingine likienda upande wa kinyume, difu ni ya kawaida. Likifuata upande ule ule, ni difu ya kubana, inayoitwa LSD, na nyingi zinataka oili iliyoandikwa LSD. LSD iliyochoka inaweza kufanya kama ya kawaida, kwa hivyo bado amini kodi kwanza. Kwa habari ya giaboksi, lakini, resho ndiyo isiyosamehe.

Kama giaboksi inayopatikana ina resho tofauti, omba muuzaji akuuzie pamoja na difu ya nyuma iliyotoka kwa gari ile ile. Utaongeza pesa kidogo, lakini utalala.

Sasa lipa, lakini lipa vizuri

- Lipa kwa Till ya duka, si kwa nambari ya mtu binafsi "kwa sababu Till ina shida leo".
- Soma jina linalotokea kwa simu kabla ya kukubali. Lisipofanana na la duka, simama.
- Hakikisha risiti imeandikwa kodi ya giaboksi, resho, na siku ulizopewa za kuirudisha. "Giaboksi ya Subaru" haitoshi.
- Ikiwezekana, lipa deposti kwanza, salio baada ya kuifunga na kuizungusha kwa kona. Kwa Subaru otomatiki, ukiona taa ya FWD imewaka kwa dashibodi, uliza kwa nini magurudumu ya nyuma yamezimwa.
- Usifute SMS ya malipo. Pesa ikishaingia kwa Till ya duka, kuirudisha kunahitaji muuzaji ahusishwe, na hiyo SMS pamoja na risiti ndio ushahidi wako.

Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika ukimuuliza resho. Anayesema "zote ni sawa tu" amekwisha kukujibu. Weka simu mfukoni, nenda duka linalofuata.