Maumivu ya Katikati ya Kifua kwa Mwanamke: Si Kila Mara ni Kiungulia
Mwanamke anapolalamikia maumivu katikati ya kifua, mara nyingi huambiwa ana vidonda vya tumbo au mawazo. Ni kweli kwamba asidi ya tumbo ikipanda kwenye umio huunguza kifua, hasa baada ya kula au anapolala. Uvimbe wa gegedu za mbavu huuma zaidi panapobonyezwa. Na hofu kuu hubana kifua. Hata hivyo, maumivu kutulia baada ya dawa ya kiungulia si uthibitisho kwamba moyo ni mzima.

Shambulio la moyo hukandamiza kifua, na kwa wanawake, kuliko wanaume, huambatana zaidi na kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida, na maumivu ya taya au mgongo. Kwa mjamzito au aliyejifungua karibuni, maumivu ya ghafla yenye kuhema yaweza kuashiria damu iliyoganda katika mishipa ya mapafu.

Mgonjwa asisubiri kupambazuke. Mhudumu naye apime umeme wa moyo ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kipimo kikiwa cha kawaida lakini maumivu yakaendelea, akirudie.