Serikali nayo ipige hodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe machache niliyo nayo moyoni, juu ya jambo ambalo sisi wananchi wa vijijini hulizungumza sana barazani lakini ni nadra kuliandika. Jambo lenyewe ni mipaka ya Serikali na mipaka ya nyumba ya mtu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara wangu hutoka Serikalini, na chuo cha ualimu nilichosomea ni cha Serikali. Kwa hiyo asinifikirie mtu kwamba nataka Serikali ivunjwe, kila mtu ajifanyie apendavyo. La hasha. Ninachouliza ni kitu kidogo tu.

Katika mila zetu mtu afikapo nyumbani kwa mwenzake hupiga hodi. Akipiga mara tatu bila kukaribishwa huondoka, hata kama mlango u wazi na moshi unafuka jikoni. Kupiga hodi hakumfanyi mgeni aonekane mwizi, wala hakumpunguzii heshima. Ni kukiri tu kwamba humo ndani mna mwenyewe. Sasa nauliza: je, Serikali inapomjia mwananchi, hupiga hodi?

Mwaka 2018, baada ya mavuno, mke wangu alitaka kumpelekea mama yake mzazi magunia 6 ya mahindi katika wilaya jirani. Mama huyo ni mzee na hawezi tena jembe. Mahindi aliyalima mke wangu mwenyewe, nami nilimsaidia siku za Jumamosi na wakati wa likizo. Tukapata nafasi katika lori lililobeba mbao. Tulipofika kwenye geti la ushuru, kijana mmoja akanyoosha mkono, akachungulia nyuma, akatutaka tulipe.

Nilimweleza kwa upole kwamba chakula hiki ni cha mkwe wangu, si cha biashara. Akasema mzigo ni mzigo. Nikamweleza kwamba mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kwamba mazao yasiyozidi tani 1 yakisafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yalisamehewa kabisa. Magunia yetu 6 ya kilo 100 hayakufika hata tani moja. Kijana akacheka, akaniambia, "Mwalimu, hayo ni ya redioni. Hapa ni getini."

Dereva naye akaanza kulalamika kwamba mbao za watu zinasubiriwa. Nililipa. Risiti sikupewa. Mke wangu alijifunga kanga vizuri, akatazama mbele, na hakusema neno mpaka tulipofika kwa mama yake.

Ndugu Mhariri, fedha yenyewe haikuwa nyingi. Kilichoniuma ni kwamba sheria ilikuwa upande wetu, na bado tuliondoka pale kama watu walioponea kufungwa. Katiba yetu ya mwaka 1977, hasa baada ya haki za binadamu kuingizwa mwaka 1984, inasema katika ibara ya 16 kwamba kila mtu anastahili kuheshimiwa nafsi yake, familia yake na maskani yake. Ibara ya 24 inamtambulia haki ya kumiliki mali. Lakini katiba haikai getini. Anayekaa getini ni mtu, na mtu huyo asipofundishwa kupiga hodi, basi maandishi yote yanabaki kuwa ya redioni.

Kadhalika tukumbuke mwaka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje ya nchi yakiwa punje. Nia ilikuwa njema, nayo ni kulinda chakula cha taifa. Lakini huku kwetu mavuno yalikuwa mazuri, mlango wa mpakani ukafungwa, na bei ikaporomoka. Mkulima aliyenunua mbolea kwa bei ya sokoni akatakiwa kuuza kwa bei ya huruma. Baadaye zuio liliondolewa, lakini aliyekwisha kuuza hakurudishiwa kitu. Kama njaa ni ya taifa zima, kwa nini gharama ya kuizuia ibebwe na mwenye jembe peke yake?

Jambo hili si geni. Wazee wa kijiji ninachofundisha hunionyesha upande wa mto ambako iko miembe mikubwa iliyopangwa safu, na hakuna nyumba hata moja. Hayo ni mahame yao. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, alifundisha kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kuundwa kwa kulazimisha watu. Lakini mwaka 1973 ikatolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji. Wazee hawa walihamishwa wakiwa wameacha mihogo ardhini. Mpaka leo msimu wa maembe ukifika, huvuka mto kwenda kuchuma katika miti yao wenyewe, kama wageni.

Hata hivyo haki itendeke kwa pande zote. Mzee mmoja kati ya hao hao aliniambia, "Mwalimu, tulilia. Lakini kule ng'ambo wanangu wasingesoma." Shule ninayofundisha ilijengwa kwa sababu watu walikusanyika pamoja. Nami sina jibu rahisi la kumpa mzee huyo. Ninachojua ni kwamba alilia, na alistahili kuulizwa kabla.

Tena yako mambo ambayo Serikali isisubiri karibu. Nyumba ikiungua, kipindupindu kikiingia, mtu akimpiga mkewe, hapo hodi ni kupoteza wakati. Mimi mwenyewe nimewahi kwenda nyumbani kwa mzazi aliyemficha binti yake asije shule ili achunge ng'ombe. Mzazi yule aliniambia, "Mtoto ni wangu, uhuru ni wangu." Nilimjibu kwamba ng'ombe ni wake, lakini mtoto si ng'ombe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilikuwa pamoja nami, na binti akarudi darasani. Uhuru wa mtu unakoma pale unapoanza uhuru wa mtu mwingine, hata kama huyo mwingine ni mtoto wa miaka 9.

Ndugu Mhariri, maneno haya nilikuwa nimeyapanga kichwani kwa muda mrefu, na nilijiona kuwa nimeyafahamu vizuri. Ndipo msimu uliopita nilipofundishwa nyumbani kwangu.

Jioni moja wakati wa chakula nilitangaza kwamba Jumamosi maharage yote yauzwe, kwa kuwa nilikwisha kupatana na mnunuzi kule mnadani. Nilitaka bati za kumalizia paa la jiko. Watoto waliendelea kula. Mke wangu akaweka mwiko chini, akaniuliza, "Baba watoto, maharage yapi?"

Nikasema, haya yaliyomo ndani.

Akasema, "Yaliyomo ndani niliyapanda mimi, nikayapalilia mimi, nikayapepeta mimi. Debe 2 ni mbegu ya msimu ujao. Debe moja nimemwahidi dada aliyejifungua. Ulimpigia hodi nani? Ulilalamika sana juu ya yule kijana wa getini. Leo geti limehamia hapa nyumbani."

Sikuwa na la kusema. Wahenga walinena kweli kwamba nyani haoni kundule. Mimi niliyekuwa nikiitaka Serikali iheshimu jasho la mkulima, nilikuwa nimepanga bei ya jasho la mkulima aliyeketi mbele yangu. Nilitoa amri, nikaita mpango. Nilitaja bati za jiko lake, kama vile Serikali inavyotaja maendeleo yetu. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekwisha kusema zamani kwamba mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kuwa na mali yake. Sheria hiyo nayo niliifanya kuwa ya redioni.

Basi tuliketi tukahesabu. Mbegu ilibaki, ya dada ilibaki, na yaliyosalia yeye mwenyewe aliyauza wiki mbili baadaye, kwa bei nzuri kuliko ile niliyopatana mimi. Bati zilipatikana, ila pungufu ya 4. Jiko halijaisha mpaka leo, lakini hakuna anayelalamika.

Kwa hiyo napenda kutoa mapendekezo matatu.

Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji uheshimiwe. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautambua mkutano huo, wenye wakazi wote waliotimiza miaka 18, kuwa ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji. Huo ndio mlango wa kupigia hodi. Isiwe tunaitwa kuja kupigia makofi jambo lililokwisha kuamuliwa.

Pili, kila mahali panapokusanywa ushuru pawe na ubao uonyeshao kwa maandishi makubwa ni nani alipe, kiasi gani, na nani amesamehewa. Anayelipa apewe risiti papo hapo. Sheria ikisomwa na wote, kijana wa getini hataweza kuicheka.

Tatu, sisi wenye nyumba tuanze na nyumba zetu. Mtoto anayekua akiona baba anaulizana na mama kabla ya kuuza debe la maharage, huyo akija kuwa mtendaji wa kijiji, au mbunge, au kijana wa getini, atajua kwamba kila mali ina mwenyewe. Lakini anayekua akiona amri tupu mezani, tutamlaumuje akizipeleka ofisini?

Serikali ni yetu, nasi tunaipenda. Ikija, tutaikaribisha na kuipa kigoda. Tunaomba tu ipige hodi.

Wako,
Mwalimu wa Kijijini,
Nyanda za Juu Kusini.